Upande wa Kulia wa Mwalimu

Kanisani walimwita Tarumbeta, naye hakukasirika. Alipoomba, mabati yaliitikia. Watu walitania kwamba mgonjwa akiombewa na Tarumbeta lazima ainuke, maana nani atalala na kelele zile? Kwa Fundi, mshona nguo wa mtaa wa nyuma ya kanisa, mama huyu alikuwa rafiki wa kuingia bila hodi na kujimiminia chai mwenyewe. Walikuwa chanda na pete.

Ndiyo maana siku moja, akikunja upindo wa sketi ya Tarumbeta, pini zikiwa bado mdomoni, Fundi alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Sikio la kushoto la mumewe lilikuwa limekufa.

Mumewe alitengeneza saa mchana, na jioni alifundisha kwaya. Kwa kazi hiyo ya pili mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Fundi aligundua kwa sababu ya saa. Miaka yote, Mwalimu akishafunga kifuniko cha saa aliiweka kwenye sikio la kushoto, akafumba macho na kuisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Siku moja aliiweka hapo, akakunja uso, akaitikisa, kisha akaihamishia kulia. Tangu hapo ikawa kulia tu. Fundi alipomuuliza, alimshika mkono.

"Kwaya wasijue, mke wangu. Mwalimu wa kwaya asiyesikia ni sawa na kinyozi asiyeona. Nani atampa kichwa?"

Fundi aliibeba siri ile hadi ikamchosha. "Tuombee tu," alimwambia Tarumbeta siku ile ya sketi. "Ila usimwambie mtu."

"Mimi? Hiyo imeshaingia kaburini," alisema Tarumbeta, na alimaanisha.

Ikaja Jumatano ya maombi. Kwaya walikuwa mbele, Mwalimu kwenye kinanda. Tarumbeta alisimama, akafumba macho, akaanza kupanda mlima wake. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akawaombea waliofiwa. Alipofika kileleni, pale ambapo hujisahau akabaki yeye na Mungu wake tu, akapaza sauti: "Na mtumishi wako Mwalimu, Bwana! Lifungue sikio lake la kushoto lililokufa! Mwondolee aibu anayoificha!"

"Amina!" watu waliitikia kwa mazoea. Kisha kikashuka kimya ambacho hata watoto wachanga walikiheshimu. Mwalimu alikuwa amesikia. Kwa sauti ile, hata sikio la kushoto lilisikia.

Nyumbani hakufoka. Aliweka ufunguo wa chumba cha kinanda mezani, akasema, "Mpelekee mchungaji. Mimi na kwaya basi." Halafu akakigeuza kigoda chake, akaketi akimpa mkewe sikio la kushoto.

Hilo ndilo lililomuuma Fundi. Kununa angekuvumilia, alikuzoea. Lakini sasa alipouliza kama aongeze chai, hakujua kama mumewe hasikii au hataki kusikia. Mumewe alimpa siri moja tu katika ndoa nzima, naye akaimwaga. Hakuweza hata kumlaumu Tarumbeta kwa moyo wote, kwa kuwa ulimi wake mwenyewe ndio uliotangulia.

Ijumaa asubuhi akasikia, "Hodi."

Akaacha kukanyaga cherehani. Sauti aliijua, neno ndilo lililokuwa geni. Tarumbeta alikuwa amesimama nje ya kizingiti kama mgeni.

"Umekuja kutuombea tena?" Fundi alimuuliza.

"Hapana. Nimekuja kusema nimekosa. Sitakuambia kwamba roho ilinichukua, wala kwamba nilikutakieni mema. Ulinipa kitu chako nikushikie, nikakirusha hewani mbele za watu."

Fundi alingoja. Alikuwa ameombwa radhi mara nyingi maishani, na karibu kila radhi ilikuja imebeba "lakini" mgongoni. Alingoja hiyo "lakini" na haikuja.

"Mume wangu hasemi nami," alisema mwishowe, machozi yakimlenga.

"Nitakwenda kwake. Nimeanzia kwako kwa kuwa siri ulinipa wewe."

Fundi alimtazama mwanamke yule mkubwa, aliyezoea kusikilizwa na ukumbi mzima, akiwa amesimama juani na mkoba wake kifuani. Akajiuliza kama yeye angekuwa na ujasiri ule. Akachukua kitenge chake. "Twende wote."

Kibanda cha Mwalimu kilikuwa kando ya barabara ya soko, kidogo kama kabati. Alikuwa ameinamia saa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Aliwaona, akaendelea na kibano chake. Tarumbeta alizunguka hadi upande wa kulia, akainama, akasema kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia tangu wafahamiane, "Shemeji, nimekukosea. Nitaliungama mbele ya wale wale walionisikia."

Mwalimu alikiweka kibano chini. "Radhi nimekupa," akajibu. "Kwaya sirudi."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bucha. Mwenye bucha, aliyeimba sauti ya nne, alikuwa akiwatazama kwa muda. Sasa akavuka na aproni yake.

"Mwalimu, leo mazoezi saa ngapi?"

"Hamna mwalimu."

"Kwa ajili ya hilo sikio? Sisi tulilijua tangu mwaka jana!"

Kioo kilimdondoka Mwalimu jichoni. "Nani aliwaambia?" Akamgeukia mkewe, na Fundi akainua mikono kukana.

"Hakuna aliyetuambia. Mimi hukosea kila wiki, na kila wiki ulikuwa unanikaripia. Ulipoacha, nikajua ni moja kati ya mawili: ama nimejua kuimba, ama mzee hasikii upande wangu. Nikajirekodi kwa simu." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Sijajua kuimba."

Tarumbeta alifunika mdomo kwa kiganja.

"Unadhani sauti ya kwanza walihamia kulia kwako kwa nini?" aliendelea mwenye bucha.

"Walisema upepo wa dirishani unawakausha koo."

"Dirisha lile halijafunguka tangu lipigwe rangi! Wanaimba kulia kwako uwasikie. Na sisi wa kushoto, anayekosea tunamkanyaga mguu. Nina kidole hiki hapa hakina kucha." Kisha akaacha utani. "Tulinyamaza tukidhani tunakustahi. Kumbe tulikuacha na mzigo peke yako. Hapo na sisi tulikosa."

Mwalimu alitazama saa iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba ndiyo iliyosema. Mabega yakaanza kumtikisika. Fundi alidhani analia, na kidogo alikuwa analia, lakini zaidi alikuwa anacheka. "Limepigwa rangi," alisema. "Nami nikaleta mapazia!"

Jioni ile, kwa mwito wa Tarumbeta, waliokuwapo Jumatano walijaa tena ukumbini. Tarumbeta alisimama akaungama kwa sentensi tatu, maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema mle ndani, akaketi. Tangu siku hiyo, akifika katika maombi yake kwa mtu mwenye jambo la siri, husema tu, "Na huyu, Bwana, unamjua," kisha hunyamaza. Watu wengi husema kimya chake hicho ndicho kinachowatoa machozi. Mwalimu alifungua chumba cha kinanda kwa ufunguo ambao Fundi hakuwa ameupeleka popote. Akamwita mwenye bucha na besi wote, akawasogeza kulia. Kushoto akabaki ukuta.

Nyumbani Fundi aliandaa chai. Hakuweza kuimeza kabla ya kusema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Najua. Nilikutwika mzigo wangu nikakukataza kuutua." Akasimama, akakichukua kigoda cha mkewe kilichokuwa kushoto kwake, akazunguka nacho meza, akakiweka upande wa pili na kukipangusa kwa kiganja.

"Kaa huku."

Fundi akaketi.

"Haya," alisema Mwalimu, akimwinamia kama anavyoiinamia saa. "Nimekosa maneno yako siku mbili nzima. Anzia Jumatano."