Pumzi ya Marcelina

Hadjara alikuwa ameshalipita shamba la mihogo na kukanyaga lami ya Kabezi, viatu mkononi, wenzake wawili wakimfuata, Lameki alipotoka studio yake mbio.

"Mama Raisa! Albamu imekwisha, munaenda wapi?"

"Rumonge," Hadjara akajibu. "Kwa watu wenye masikio."

Ilikuwa albamu yao ya kwanza, nyimbo tisa za muziki wa soul. Kundi waliliita Dada wa Mawese, kwa kuwa ndiyo kazi yao: miaka kumi na mmoja wameshika mti mmoja, wanaizungusha mashine ya kukamulia mawese nyuma ya soko la Rumonge. Wakiimba, Hadjara hutanguliza, Sabine hupokea juu, Marcelina hukaa chini kabisa. Mti ukifika pagumu Marcelina hutoa pumzi, "hm!", na wote watatu husukuma. Nyimbo zao zimejengwa juu ya pumzi hiyo. Hata studioni waliomba mpini wa ufagio, wakaushika pamoja na kuzunguka mikrofoni, maana wakisimama tu hakuna anayejua aingie wapi.

Na Lameki aliiondoa pumzi hiyo. Yote! Asubuhi ile aliwaketisha wasikilize kazi iliyokamilika, na kwenye wimbo wa tatu Hadjara akamwona Marcelina ameinama, anafunga na kufungua fundo la kitenge chake. Mwanamke aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania bila hata sufuria, leo pumzi yake inafutwa kama tope mlangoni.

"Ilikuwa kelele, Mama," Lameki alisema akihema. "Soul inataka sauti safi. Watu wa Bujumbura watasema iko mutu mugonjwa ndani ya wimbo."

"Na siku ile ulipokuja kutusikiliza pale mashineni ukatoa machozi, ulililia nini? Usafi?"

"Alilizwa na moshi," Sabine akasema.

"Haikuwa moshi," Lameki akajibu, macho chini.

"Basi irudishe. Ama uondoe jina letu na picha zetu, uwauzie watu ordinateri yako, hiyo kompyuta, ikiimba peke yake!"

Marcelina akamshika mkono. "Hadjara, wacha. Mimi nimezeeka. Itoke tu, watoto wasikie."

"Wasikie nini? Wewe haumo!"

Hapo Marcelina akauachia mkono wake. Kisha akasema polepole, "Kweli. Simo." Akamgeukia Lameki. "Irudishe, mwanangu."

Lameki akakaa juu ya jiwe. Nyimbo saba, alisema, angeweza kuzirudisha zilivyoimbwa. Mbili hapana, rekodi zake za mwanzo alikuwa amezifuta kabisa, akidhani hakuna atakayeziulizia.

"Hakuna atakayeziulizia," Hadjara alirudia, akavaa viatu na kushika njia ya Rumonge.

Albamu ilitoka mwezi wa nane, nyimbo saba, pumzi zote zimo. Redio moja huipiga Jumapili. Sabine aliolewa Nyanza-Lac, anauza sabuni. Marcelina miguu ilivimba, hasukumi tena, hukaa kando ya mashine na kutoa "hm!" kwa ajili ya wanaosukuma. Lameki alihamia Bujumbura, anarekodi harusi, na huwaambia watu kwamba ile pumzi ilikuwa wazo lake. Hadjara bado yuko kwenye mti. Zile nyimbo mbili hajaziimba tena, na Lameki akipita Rumonge hampi hata salamu ya amahoro.