Matundu Mawili

Wenzake walimbandika jina la Mama Matundu, naye akalipokea kwa mikono miwili. Tangu arudi mafunzoni mwaka jana, hakuna mgonjwa aliyepimwa moyo kwa mashine yake akafutwa jeli kifuani kabla yeye hajayaona matundu mawili kwenye shina la mshipa mkuu: la kulia na la kushoto, inapoanzia mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Wengine huandika "mishipa: kawaida" bila kuitazama, mradi foleni isogee. Foleni yake yeye ilifika mlangoni, na hakujali.

Asubuhi hiyo aliingia binti wa miaka kumi na minne, mkimbiaji, aliyezimia mbioni mita chache kabla ya utepe. Mama yake alishika fomu ya mashindano ya Jumamosi.

"Dada, ni sahihi tu tunataka," alisema mama. "Alikimbia bila kunywa chai. Na moyo wake mliupima hapahapa mwaka juzi, mkasema mzima."

"Tutaupima tena, mama. Moyo hauchakai kwa kuangaliwa."

Moyo ulidunda vizuri. Tundu la kulia likaonekana. La kushoto halikuwa mahali pake. Akamlaza binti ubavu, akapandisha kipimio cha mashine kifuani, akakishusha, hadi akaupata: mshipa wa kushoto ulichipuka upande wa kulia, ukapita katikati ya mishipa miwili mikubwa itokayo moyoni. Binti akikimbia, ile mikubwa hujaa, na mwembamba hubanwa kama abiria kati ya wanene wawili.

Akafungua faili la mwaka juzi. "Mishipa: kawaida." Sahihi ilikuwa yake. Picha ya matundu haikuwemo hata moja.

Masikio yakamwaka moto. Lakini aliyajua aliyoyaona, na hilo lilimpa nguvu. Akamwita daktari wa moyo, akamwonyesha vyote viwili, picha na faili.

"Tutampiga picha za CT kuthibitisha," daktari alisema. "Kisha upasuaji, mdomo wa mshipa upanuliwe. Hili tunaliweza."

"Na mbio zangu?" binti akauliza.

"Kwa sasa hata chooni nenda polepole. Ukipona, tukikupima tukaridhika, uwanja ni wako."

Mama Matundu akamgeukia mama. "Ile karatasi ya mwaka juzi niliiandika mimi. Niliandika nisichokiona. Nisamehe."

Mama alimtazama binti yake, aliyekuwa akijifuta jeli kwa pindo la shuka. Miaka miwili alikuwa amesimama kando ya uwanja akimpigia kelele aongeze mwendo.

Akainyoosha fomu juu ya meza, akaisukuma mbele.

"Haya. Leo andika ulichokiona."

Mama Matundu akaandika kwa herufi kubwa, ASIKIMBIE, akatia sahihi.

"Na akishapasuliwa," mama akasema, akiikunja, "wa kumpima ni wewe. Mwingine simtaki."