Mugonjwa Ni Bibi Yangu

Gustave alimleta mkewe kwenye nyumba ya mazungumzo pale kwenye kambi ya wakimbizi, amemshika kiwiko kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni.

"Mugonjwa ni bibi yangu," alimwambia Suwilanji, mshauri. "Halali usiku. Anaruka-ruka, analia, anapiga mateke. Mi nimemusindikiza tu."

Pierrette, mke mwenyewe, alivuta kitenge chake chini, kikafunika alama za mateke kwenye muundi wa mguu.

Majirani wote walijua nani hasa anaruka. Wiki iliyotangulia wawili hao walikuwa sokoni Kashikishi kununua chisense, dagaa wadogo wa Ziwa Mweru, wa kwenda kuuza kambini. Mashine ya kusaga mihogo ikawashwa, ikakohoa pa! pa! pa!, na Gustave akatumbukia chini ya meza ya samaki. Alipotoka, chisense zilikuwa zimemjaa nywelani.

"Nilikuwa natafuta kandambili," alisema. Kandambili zote mbili alikuwa amezivaa.

Suwilanji alizaliwa Nchelenge, jirani na Kashikishi, na Kiswahili alikiokota utotoni kwenye meza ya mama yake ya samaki. Kazi yake alifundishwa na wageni: mtu aliyeona vita hurudiwa na siku ile bila kuiita, mpaka aisimulie toka mwanzo hadi mwisho mbele ya mtu anayesikiliza, nayo ikae pamoja na mambo yaliyokwisha. Walimfundisha pia kufunga mlango, kuuliza na kunyamaza.

Alifunga mlango, akauliza, akanyamaza.

"Mwe, dada," Pierrette alisema, "mlango umefungwa, mutu mumoja anauliza, anakuangalia tu. Kule kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa, ile tunaita polisi."

Suwilanji akacheka, akaufungua mlango. Akaomba wampimie woga, kutoka sifuri mpaka kumi.

"Kumi ni ya watoto wa masomo," Gustave alijibu kwa niaba ya mgonjwa. "Woga wa bibi yangu ni gunia."

"Gunia zima?"

"Limefungwa na kamba."

Basi wakapima hivyo, kwa gunia, beseni na sahani, kama sokoni. Kila walipokuja, Gustave alisimulia yaliyompata mkewe, na Pierrette aliitikia kwa kichwa, mgonjwa mtiifu. Suwilanji alishaona kitu, lakini alimwacha mzee aendelee kwa njia aliyoichagua.

Siku moja masimulizi yakafika ziwani.

"Kulikuwa kunapambazuka," Gustave alisema. "Bunduki zinalia nyuma. Bibi yangu alikuwa anapandisha mama yangu, Mama Rosaria, mu mutumbwi. Mwenye mutumbwi akawasha moteri, pa! pa!, mutumbwi ukaruka. Mama akateleza. Bibi akamukamata kitenge."

Suwilanji akamgeukia Pierrette. "Mama Reine, mikono yako ilisikia nini?"

Pierrette alimtazama mumewe, kisha akatazama sakafu.

"Uulize yeye. Mi sikukuwa mule. Mi na mutoto wetu Reine tulikuwa tumeshavuka, tunabangojea huku Kashikishi."

Gustave akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Kilikuwa kimelowa," alisema polepole. "Nilikikamata na mikono mibili. Kitenge kikabaki. Mama akaenda."

Aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipotulia, Suwilanji alimuuliza Pierrette kama alijua siku zote.

"Bamayo! Si mi njo napigwa mateke!"

Gustave mwenyewe akacheka, makamasi yakimtoka.

"Sasa ulikubali vipi kuwa mugonjwa?" Suwilanji aliuliza.

"Mwanaume huyu hawezi kwenda kwa munganga wa woga peke yake. Nikasema, basi, anipeleke."

Tangu hapo Gustave alisema "mi." Alisimulia tena na tena, na gunia likapungua likawa beseni. Hapo likagoma. Majuma yakapita, beseni ni beseni.

"Mama mulimulilia wapi?" Suwilanji aliuliza.

"Hatukumulilia," Gustave alisema. "Mwili hauko. Matanga ya nini?"

Walimu wa Suwilanji hawakugusia matanga hata kidogo. Alifikiri, akasema, "Tumulilie, Papa Reine. Na mi nitakuja."

Jumapili baada ya ibada, mama wa kwaya walitandika mikeka mbele ya nyumba ya Gustave. Suwilanji alileta samaki, akala bukari, ugali wa mihogo, pamoja na watu, akamwaga machozi kuwashinda wenye msiba. Kisha Berthe, jirani wa zamani wa Pweto, akasimama.

"Rosaria aliimba vibaya!" alisema. "Pasta alibadilisha wimbo ili atafute ule Rosaria hajui. Rosaria akaimba na ule hajui!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Kila aliyemfahamu akatoa lake, na Gustave akawa anasahihisha: hapana, haikuwa Krismasi, ilikuwa Pasaka, hapana, pasta hakutoka nje, alitolewa.

Gustave bado hushtuka. Pierrette bado hulala na mto katikati, kwa usalama. Lakini beseni limekuwa sahani, na kuna asubuhi Gustave husema sahani yenyewe haijajaa.

Jioni ile ya matanga alisimama kati ya kwaya, akafumba macho, akaanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno. Kwaya ikajaribu kumfuata, ikashindwa, ikamwachia.