Tundu Lisilo na Waya

Mimi sina subira na watu wanaosema kompyuta zina mashetani. Kazi yangu ni kuhamisha kaseti za zamani kwenye kompyuta, na wateja wangu wengi huja na kaseti ya marehemu wao, wanakaa pale kitini wananikodolea macho kana kwamba ni mimi nitakayemfufua. Huwa nawaambia waziwazi: huu ni mkanda na sumaku, basi. Ukitaka mizimu umekosea mlango.

Kwa hiyo ninaposema nilisikia, jueni nilisikia.

Yote yalianza na kaseti ya mama. Shangazi alipohama nyumba aliikuta ndani ya bati la biskuti, akaniletea akiwa ameifunga kwenye kitambaa. "Hii ni ile siku mlikuwa mnachezea redio yangu, wewe na mama yako," akaniambia. "Alikuwa na mimba ya Kitinda." Kitinda ni mdogo wangu wa kike. Tumezaliwa wawili tu, lakini jina la kitinda mimba limemganda mpaka utu uzima. Mama alifariki akimzaa, hakuwahi hata kumshika. Mimi nilikuwa bado mdogo mno. Uso wa mama naukumbuka kwa mbali, ila sauti imenitoka kabisa, na hilo huniuma kuliko ninavyopenda kukiri. Kitinda hata huo uso hana.

Nilipouvuta mkanda kidogo kwa ncha ya kidole, roho iliniruka. Ulikuwa umeota ukungu mweupe pembeni, umekauka, na mahali fulani uliwahi kukatika ukaungwa. Mikanda ya aina hiyo naijua. Ukiuchezesha unapita mara moja, halafu basi, kwaheri. Nilimpigia Kitinda simu nikamweleza bila kumficha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi usikosee, dada."

Usikosee! Na kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka hoi. Ndani ina Linux, mfumo unaoiendesha, na Linux yenyewe sina ugomvi nayo, haina makelele wala haijishaui. Tatizo lilikuwa mwili. Ram, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa ndogo, diski ya kuzunguka inakoroma kama mlevi, na nikirekodi kitu kirefu mashine inaruka maneno. Hebu fikiria, mama anasema neno moja baada ya miaka yote hiyo, halafu kompyuta inalimeza. Nikaona liwalo na liwe, naibadilisha matumbo yote.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa vipuri tunayemwita Nyaya, kwa sababu duka lake limejaa nyaya mpaka mteja anakaa juu yake. Niliona kadi ya sauti, kile kipande cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, yenye taa za rangi, nikainyooshea kidole.

"Taa za nini, unafungua disko?" akaniuliza. "Hiyo kwenye Linux utaichomeka, mashine iitazame kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Wewe usinunue kinachometameta. Nunua kitu ambacho Linux imeshakizoea."

"Lakini hizo nyingine ni kuukuu."

"Usiache mbachao kwa msala upitao."

Tukachagua pole pole. Alinipa ram inayokubaliana na bodi kuu ya kompyuta yangu, diski isiyozunguka ili isikorome wakati narekodi, na pawa saplai mpya ya kuilisha mashine umeme, kwani ile ya zamani ilikuwa inaingiza mvumo kwenye sauti. Kwenye kadi ya sauti tulibishana. Alikuwa na mbili, zote Linux inazijua, na mimi sikuweza kuamua.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema, "lakini leo nakusamehe. Beba zote ukapime. Itakayokushinda irudishe."

Nyumbani nilifunga vile vitu vyote, nikachomeka kadi moja. Zamani deki ya kaseti ilikuwa inaingia kwenye tundu la sauti la bodi yenyewe, kule nyuma. Nikauchomoa waya wake, nikauhamishia kwenye kadi mpya. Lile tundu la zamani likabaki wazi.

Sasa, kabla ya kurekodi chochote, mimi hupima ukimya. Unawasha deki bila kuchezesha kaseti, unarekodi kimya kimya, halafu unasikiliza ukiwa umefungua sauti mpaka mwisho. Kadi mbaya inavuma au inakwaruza. Kadi nzuri haisemi kitu.

Ilikuwa mchana kweupe, madirisha nimefunga. Nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza. Kukawa na mchakacho mdogo sana, msafi, nikaanza kutabasamu. Halafu mwanamke akasema, "Bado."

Nilizivua zile spika kama zimeniunguza. "Ala!" Nikageuka, chumbani hamna mtu. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, na neno lilikuwepo. Lilikuwa la upole, lenye uchovu kidogo, kama mtu anayekujibu kutoka chumba cha pili huku mikono yake ina kazi.

Nikajiambia ni kituo cha redio kimepenya kwenye nyaya, hutokea. Nikaitoa ile kadi kwa hasira, nikaweka ya pili, nikapima ukimya upya.

"Bado."

Basi lawama nikaziweka kwenye pawa saplai. Nikaibeba kurudi kwa Nyaya, na kwenye simu nimehamishia ile sauti asije akaniona nimerukwa na akili. Akasikiliza huku bado ana utani mdomoni, mwanzo wa maneno fulani kuhusu wateja wanaopenda kurudi dukani kumwona. Hakuyamaliza.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si ndio nakuuliza wewe!"

Alinibadilishia pawa saplai bila utani wowote, na tangu nimjue sikuwa nimewahi kutoka kwenye duka lile bila kutaniwa. Nikafunga ile nyingine. Nikapima. Safari hii kabla ya neno kulikuwa na pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayejiinua kutoka kitini. "Bado."

Niseme ukweli, niliogopa. Niliogopa nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe. Nilichofanya ni kumwita Kitinda. Sikumwambia kisa. Nilimwambia tu vifaa viko tayari, aje, na siku aliyokuja nilikuwa nimeamua kwamba heri nusu shari: tunaichezesha kaseti, hiyo "bado" ikiingilia, na iingilie.

Kitinda alikaa karibu na deki akiwa ameshika kaseti ya mama kwa mikono miwili. "Tunaanza?" akauliza.

"Napima ukimya kwanza." Kusema kweli nilikuwa nachelewesha tu.

Nikarekodi. Na Kitinda, mikono yake haijawahi kutulia tangu utotoni, akaiweka ile kaseti mezani, akachukua kaseti ya mafunzo ya lugha iliyokuwa pale, akaitia kwenye deki na kubonyeza. Deki ina spika ndogo, chumba kikajaa mtu anayefundisha kuhesabu.

"Wewe! Nimesema ukimya!"

"Samahani, dada. Nilidhani ungependa kujua kama inasikika."

Nikafungua nilichorekodi ili nimwonyeshe alivyoharibu. Nikasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na mwalimu. Hapakuwa na kuhesabu. Na ile "bado" pia haikuwepo, ila mchakacho ule ule msafi.

Nikaitazama amri ninayotumia kurekodia, ile ile niliyoiandika zamani. Linux haihesabu kadi kuanzia moja, huanzia sifuri. Sifuri ni ile ya bodi, ya zamani. Kadi mpya ni moja. Na amri yangu ilikuwa inasema, rekodi kutoka sifuri.

Kwa hiyo siku zote zile nilizokuwa nahangaika na kadi na pawa saplai, mashine haikuwa inaisikiliza kadi mpya hata kidogo. Nikakaa chini. Ningeuchezesha mkanda wa mama siku ile ya kwanza, kama nilivyotamani, ungepita, ungekatika, na kwenye kompyuta tungebaki na kimya kitupu. Ni "bado" ndiyo iliyonizuia.

Nikaizungusha kompyuta, nikalitazama tundu la sifuri. Halikuwa na waya. Lilikuwa na vumbi.

"Dada, una nini? Umekuwa kama umeona maiti."

"Sina kitu," nikasema. Nikabadilisha sifuri kuwa moja. Nikajaribu kwa yule mwalimu wa kuhesabu, akaingia vizuri, kila neno. Ndipo nikamwambia Kitinda anipe kaseti ya mama.

Mkanda ulianza kwa kukwaruza. Kisha kukawa na mtoto, anapumulia maikrofoni karibu mno, na mtoto huyo ni mimi.

"Mama, mtoto amefika?"

Pumzi ndefu, ya mtu anayejiinua kutoka kitini.

"Bado."

Nilishika meza. Ilikuwa ni ile ile, upole ule ule, uchovu ule ule. Kitinda machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, mkono ameuweka mdomoni. Nikasikia utoto wangu ukiendelea kusumbua: "Atakuja lini?" Mama akacheka. Ana kicheko kizito, sikuwahi kujua. "Karibu atakuja. Tunamngoja tu." Nami nikauliza, "Akifika utamwambia nini?"

Mama akavuta pumzi ajibu, na mkanda ukakatika.

Nilihakikisha kwamba yote yameingia, yaliingia, na hata hilo halikunipa raha. Kitinda akaitoa ile kaseti, ule mkanda ukining'inia, akaulizia ile "bado". Alikuwa ameniona nikishtuka iliposikika, akataka kujua kwa nini. Nikamweleza yote, zile kadi mbili, Nyaya aliyenyamaza, tundu tupu. Nilidhani atanicheka. Sisi wote wawili hatuamini mambo hayo.

"Irudishe kwenye sifuri," akasema.

"Kitinda, jamani."

"Dada, irudishe."

Nikarudisha. Nikabonyeza kurekodi. Deki nimeizima, hakuna kilichochomekwa. Mdogo wangu akainama nyuma ya kompyuta, akasogeza mdomo kwenye lile tundu lenye vumbi, akasema kwa sauti ndogo kama anagonga mlango wa mkubwa wake.

"Hodi, mama. Nimefika."

Nikasimamisha. Nikafungulia spika kubwa ili tusikie wote. Mchakacho ulipita, ukapita, mpaka nikanyoosha mkono kuzima. Sauti ya Kitinda haikuwemo. Ilikuwemo ile nyingine, na safari hii haikuwa na uchovu wowote.

"Karibu, mama."

Kitinda alijifuta uso kwa kiganja, akajibu kama alivyofunzwa kujibu akikaribishwa nyumbani kwa watu.

"Asante. Nimekaribia."