Mgeni Asiyebisha Hodi

Tangu mwanangu Nidhal na mkewe waende Doha kufanya kazi, nyumba yetu hapa Karak imebaki na watu wawili: mimi na mjukuu wangu Rital, mwenye miaka kumi. Wazazi wake walimwachia simu ili waonane usoni. Mwanzo walipiga kila jioni. Kisha ikawa Ijumaa tu, na Ijumaa nazo zikaanza kurukwa. Simu ikabaki mkononi mwa mtoto, na mtoto akabaki kimya chumbani kwake.

Alasiri moja nilikuwa nikiviringa wali kwenye majani ya mzabibu, akaja akaketi karibu yangu. Nilifurahi, maana siku hizi ni mimi ninayemtafuta.

"Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Nina mgeni. Hajabisha hodi, hali, hanywi, na anajua saa unayolala."

Nikajibu paka. Siye. Nikajibu upepo, akanicheka, akasema uzee umenipanda kichwani. Nikampa mji, nikampa Karak yote na ngome yake, ndipo akanipa jibu: rafiki yake wa kwenye mchezo wa simu.

Nikafuta mikono polepole. Nikamuuliza huyo rafiki ni mtoto wa nani.

"Sijui. Si wewe uliyenifunza kuwa mgeni haulizwi jina mpaka siku tatu zipite?"

Kweli, ndivyo tunavyolea. Mtu akifika mlangoni tunammiminia kahawa kwanza, maswali baadaye. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto angeipeleka adabu hiyo huko ndani ya simu.

Nilitaka kumpokonya simu niifungie sandukuni. Lakini nikifanya hivyo, nikawaza, la kesho hataniletea. Nikamwomba anisomee waliyoandikiana, maana herufi zile ni ndogo kwa macho yangu. Mgeni alisema ana miaka kumi na miwili. Aliuliza shule iko wapi. Aliuliza bibi hulala saa ngapi. Mwisho alitaka picha, na bibi asijue. Hapo Rital akashusha sauti, nikatambua kwamba hata yeye jambo hilo lilimkaa vibaya.

"Umempa?"

"Bado. Amesema leo."

Nikamvuta kwangu. "Mgeni wetu hupita mlango wa mbele, akamsalimu mwenye nyumba. Anayetaka umfungulie wa nyuma bibi akilala, huyo si mgeni, mama."

Tukampigia baba yake palepale, akiwa kazini. Alifoka, akaniambia niivunje hiyo simu. Nikamwambia atulie, amwelekeze mtoto namna ya kumzuia mtu yule, ila kwanza mtoto ayapige picha maneno ya mtu huyo, tuwapelekee polisi. Akamwelekeza, hatua kwa hatua.

Lilipokwisha, Rital hakushukuru. Alilia.

"Yeye alikuwa ananiuliza kila siku shuleni kulikuwaje," akasema.

Upande wa pili nikamsikia baba yake akisogea mbali na mashine za kazini. Kisha Nidhal akauliza, kwa sauti ndogo, "Na wewe ulikuwa unamjibu nini, binti yangu?"

Akaanza kueleza. Kwamba hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja. Kwamba nikikohoa usiku huja kusimama mlangoni pangu, asikilize kama bado napumua. Majani yangu yakakauka kwenye sinia. Vyumba vyetu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na mengi ya hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.