Vidonge vya Ng'ambo ya Ziwa

Nyumbani kwa akina Efraimu, mke haulizi bei ya dawa ya mumewe. Ukiuliza, mawifi wanasema unapima kama mgonjwa anastahili kupona. Basi mimi Dorkasi, mjinga wa wajinga, nikanyamaza mwaka mzima wa 1955. Mume wangu alikuwa anakohoa damu hapa Njombe, na dresa wa zahanati alituonya kwamba vidonge vikikatika tutamzika. Mdogo wake, Yoramu, ndiye aliyevifuata. Alikuwa anaaga kwamba anakwenda Makambako, anarudi baada ya siku nane, eti lori la mzigo limechelewa. Chupa moja shilingi ishirini na nane. Ngano ikaenda, mbuzi wakaenda, na Novemba nikauza ng'ombe wangu, yule niliyepewa na baba. Nilitoa kwa roho safi, tena nikimwombea Yoramu safari njema.

Jumamosi moja nilikuwa sokoni nanunua usipa kwa Idda, mama wa kutoka Manda, kule ziwani, anayepandisha samaki huku. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nikamwonyesha chupa iliyokwisha. Akaigeuzageuza.

"Hii kwetu tunaifuata Nyasaland, ng'ambo tu ya ziwa. Shilingi sita."

"Acha utani, mama."

"Utani wa nini? Kule misheni wanaagiza kwa pamoja na hawatafuti faida. Huku mwenye kibali cha kuiuza ni mmoja, anajipangia anavyotaka. Dawa ni ile ile, kiwanda kile kile."

"Shemeji yangu Yoramu angejua, angeinunua huko."

Idda alinitazama kwa huruma. "Yoramu mwenye baiskeli? Dada, huyo kila mwezi anavuka na mashua ya mume wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliacha samaki palepale, nikaenda nyumbani. Efraimu alikuwa ameketi juani na blanketi lake. Nikamwambia yote, nikitegemea atamwita mdogo wake hapo hapo. Yeye akatazama chini.

"Najua," akasema. "Tangu Pasaka."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ana watoto saba, Dorkasi. Na ni ndugu yangu. Nikimwaibisha, nani atanizika?"

"Na ng'ombe wangu?"

Akavuta blanketi.

"Ulinitazama nikimfungua kamba," nikasema, "ukaniambia Mungu atanilipa."

Niliumia kuliko siku niliyoambiwa ana kifua kikuu.

Kwenye fedha za ng'ombe zilibaki shilingi kumi na mbili. Nilimpa Idda, akaniletea chupa mbili. Kila asubuhi nampa Efraimu vidonge vyake na uji, nasimama mpaka ameze, kisha naenda shamba bila kumsemesha. Damu imekoma, anaanza kunenepa. Jirani zangu kanisani wananishika mkono, wanasema nimerudishiwa mume.

Mume gani?