Samaki wa Jumamosi

Mwaka ule wa 1993, kule kwetu Shituru, nyumba yetu iliona samaki mara moja kwa juma, na samaki huyo alikuwa na mwenyewe. Kilikuwa kitoyo kimoja cha chumvi, kirefu kama kiganja changu, kikavu hata paka angefikiri kwanza. Josée, mke wa mtoto wangu, alikinunua Jumamosi baada ya kuuza vitumbua vyake barabarani. Kwanza unga wa juma zima, halafu mafuta kidogo kwenye mfuko wa plastiki, halafu chumvi, na kilichobaki ndicho samaki. Mboga hatukununua. Lengalenga niliilima mwenyewe nyuma ya nyumba.

Samaki alikuwa wa Gracien, mtoto wangu, kwa sababu Gracien ndiye alikuwa na kazi. Hivyo ndivyo nilivyomlisha baba yake, ndivyo nilivyomfundisha Josée: anayekwenda kiwandani anakula kwanza, na anakula kizuri. Zamani ilikuwa na maana, kwani kiwanda cha shaba kiligawa poso, unga na maharagi na samaki, hata mbwa wa Shituru walikuwa wanene. Sasa poso imekwisha na mshahara unakuja siku unayotaka wenyewe. Lakini Gracien aliamka bado na giza, akafunga kamba za viatu vya kazi, akaenda kwa miguu kukaa karibu na mashine zilizonyamaza. Mangaribi alirudi, akakaa kwenye kiti chake, na sahani yake ikaletwa. Sisi wengine tulikula chini, kwenye beseni moja.

Sisi wa chini tulikuwa na mchezo wetu. Kabla ya mkono kuingia kwenye bukari, ugali wetu, mimi natega kitendawili. Anayejibu anapewa ukoko wa chungu. Mado, mjukuu wangu wa kike, alikuwa na kichwa chepesi, ukoko ulikuwa wake karibu kila siku. Mdogo wake Casimir alicheka tu, akafurahia jibu kama amelipata yeye. Wakubwa hawakujibu. Mtu mzima kujibu kitendawili cha watoto, kwetu ni kama kuvaa kaptula ya shule.

Mvua zilipoanza, miguu ya Casimir ikawa minene. Mimi, na uzee wangu huu, nilifurahi, nikasema mtoto ananenepa. Halafu nikambonyeza kidole, na shimo likabaki. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu na laini kama ndevu za mahindi.

Tulimbeba mpaka kwa Mama Gertrude, mganga wa zahanati.

"Kambo, dawa ya huyu minye siko nayo," alisema, akiniita bibi kama kila mtu. "Munamulisha nini?"

"Bukari na lengalenga."

"Na samaki? Hata kidogo? Hakuna samaki mu nyumba?"

Mimi na Josée, kila mmoja aliangalia miguu yake mwenyewe.

"Aa," alisema Mama Gertrude. "Basi iko. Ni ya nani?"

Njiani Josée alikuwa na mtoto mgongoni. Alisema, "Mama, leo minye nitamuambia Gracien."

"Utamuambia nini? Kama sahani yake sasa ni ya mutoto?"

"Ndiyo. Kwani anatuletea nini?"

"Usimuambie hivyo. Sahani ndiyo kintu kimoja chenye kimebakia kwake. Niachie. Minye nitafanya kwa mchezo."

Mchezo ulikuwa huu. Nilimchukua Casimir shambani pangu pa lengalenga, nikamfundisha kitendawili peke yake. Mjomba wangu ana shingo ndefu, anakula mawe, anatema moto, na hajashiba hata siku moja. Nikamwonyesha kule juu ya paa, bomba la kiwanda, na tanuru iliyo chini yake. "Ni nani huyo mjomba?" "Tanuru, Kambo!" Tukarudia, akapata, tukarudia tena mpaka akawa anajibu kabla sijamaliza. Mado naye nilimwita pembeni.

"Jumamosi weye funga kinywa."

"Na minye nitapata nini?"

"Ukoko."

"Ukoko ninapata kila siku, Kambo!"

"Basi utapata kofi juu ya ukoko."

Akacheka, akakubali. Alikuwa ameiona miguu ya ndugu yake.

Jumamosi ilifika. Nilimngoja Gracien akae, nikasema kwa sauti ya furaha: "Leo tunabadilisha. Leo samaki ni ya mwenye atajibu. Gracien, baba, unaona ubaya?"

Aliniangalia kidogo. "Hapana, mama. Mucheze."

Josée aliweka samaki katikati, juu ya kifuniko, na harufu yake ilijaza ile nyumba. Nikatega. Mjomba wangu ana shingo ndefu, anakula mawe, anatema moto, na hajashiba hata siku moja.

Mado aliuma midomo. Casimir alilijua jibu. Niliona analijua, uso ulimwaka. Lakini alitaka kuonja ushindi kwanza, mtoto ambaye hakuwahi kushinda. Alicheka, akafunika kinywa, akamwangalia dada yake.

"Tanuru," alisema Gracien.

Alikwisha kuinama kutoka kwenye kiti. Mkono wake ulimchukua samaki, akamkata kichwa kwa meno palepale. Mifupa ililia.

Kitendawili kile nilimfundisha yeye, miaka mingi nyuma, tukimngoja baba yake atoke zamu. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

"Gracien," alisema Josée polepole. "Mutoto alikuwa anajua."

"Na minye?" Kinywa kilikuwa kimejaa. "Minye siko na njaa?"

Casimir peke yake alimpigia baba yake makofi. "Papa iko na akili! Kambo, umeona? Papa alijua!"

Gracien alimaliza, akalamba vidole, akatoka nje. Tulimsikia anakohoa karibu na ukuta.

Jumamosi iliyofuata sikutega kitu. Nilichukua samaki kwa mkono wangu, nikamweka mbele ya Casimir, na nikakaa karibu naye mpaka mfupa wa mwisho. Gracien aliangalia. Halafu alishuka kwenye kiti, akakaa chini na sisi, akatia mkono kwenye beseni. Sahani yake Josée aliifuta, akaitundika. Toka siku ile alikula pale pamoja na watoto, na Mado akajifunza kumeza bila kutafuna, maana mkono wa baba yake ulikuwa mkubwa.

Miguu ya Casimir ilipungua kabla ya mvua kukatika. Nilimshukuru Mungu. Asubuhi moja nilitoka kufagia, nikamkuta Gracien kizingitini anataka kwenda kazini, akivuta kamba za viatu, akivuta, na vilikuwa havifungi tena. Nilimwinamia, nikabonyeza juu ya soksi. Shimo likabaki.

"Ni matembezi, mama," alisema. "Njia ni murefu."

Akaenda, kamba zikiburutika. Samaki mmoja, na miguu minne ya kumngoja, ya mtoto na ya baba. Kitendawili hicho sikumtegea mtu.